Nyonga za Vijana Wetu na Picha ya Eksirei

Mlioko Berega na Magubike, Dumila na Kimamba, Kilosa mjini na kule Mikumi, karibuni sana. Kama nyumbani kuna kijana wa kati ya miaka 10 na 20, mwite aje akae karibu na redio, maana mazungumzo ya jioni hii yanamhusu yeye kwanza. Na wewe mama, bibi, au baba mdogo unayeishi naye, usiondoke. Wewe ndiye utakayeamua lini apelekwe hospitali.

Tunazungumzia nyonga.

Lipo tatizo la nyonga linalowapata vijana, hasa wanaocheza sana, na dalili zake huonekana kwenye picha ya eksirei. Huko Ulaya watafiti wamewapiga picha vijana wa akademi za mpira, mmoja baada ya mwingine, wakiwemo wasioumwa chochote, ili waone mifupa yao inavyokua. Basi swali linakuja: na sisi je? Tuwakusanye vijana wote wa timu zetu, tuwapange foleni, tuwapige eksirei za nyonga ili wenye tatizo wajulikane mapema?

Jibu langu nalitoa sasa hivi, halafu nitalieleza. Hapana. Kijana asiyeumwa nyonga hahitaji eksirei ya nyonga. Lakini kijana anayeumwa, kijana anayechechemea, huyo anaihitaji picha hiyo haraka, na huku kwetu huyo ndiye anayecheleweshwa. Nitarudia jambo hili zaidi ya mara moja jioni hii, mnivumilie.

Tuanze na kiungo chenyewe. Nyonga ndipo mguu unapoungana na kiwiliwili. Juu kabisa ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo. Chini ya kichwa kuna shingo, nyembamba kidogo. Kichwa hicho kimekaa ndani ya kikombe cha mfupa, na kuuzunguka mdomo wa kikombe kuna ukingo wa gegedu unaokishika kisichezecheze. Kinu na mchi mnavijua. Mchi uliochongwa sawasawa unazunguka kinuni bila kugusa mdomo. Ukiwa na nundu, au mdomo wa kinu ukiwa umeingia ndani, kila ukiuinamisha unagonga ukingoni. Tatizo letu la leo ndilo hilo, na tutaliita mbano wa nyonga. Kwa wengine nundu iko kwenye shingo ya mfupa wa paja. Kwa wengine kikombe kimefunika kupita kiasi. Wengine wana vyote viwili.

Jambo lenyewe lilionekana zamani. Mwaka 1936 daktari mpasuaji wa Boston, Marius Smith-Petersen, aliandika jinsi alivyochonga ukingo wa kikombe cha nyonga ili mfupa wa paja usiendelee kuugonga. Wazo hilo likalala miaka mingi. Mwaka 2003 Reinhold Ganz na wenzake wa Bern, Uswisi, wakaliweka wazi: kugongana huko, mwaka baada ya mwaka, kunaweza kuuchana ukingo, kukwangua gegedu, na mwishowe kuleta ugonjwa wa kulika kwa kiungo hata kwa mtu ambaye bado hajazeeka. Tafiti za Uholanzi na Uswisi zikaonyesha kwamba nundu huota katika miaka ya balehe, mfupa ukiwa bado unakua, na kwamba inaonekana zaidi kwa vijana wenye mazoezi makali ya mpira wa miguu, kikapu, na mpira wa magongo wa kwenye barafu.

Sasa unaweza kuniambia: kama ndivyo, si ndiyo sababu ya kuwapima wote? Morogoro ni mkoa wa mpira. Ndio uliotoa Mtibwa Sugar, mabingwa wa ligi mwaka 1999 na 2000, na jioni hii viwanja vya shule vimejaa watoto. Kwa nini tusiwakinge?

Nisikilize vizuri hapa. Mwaka 2015 watafiti walizikusanya pamoja tafiti zilizowahi kufanywa kwa watu wasio na maumivu ya nyonga. Walikuta nini? Kwa wanamichezo, zaidi kidogo ya nusu ya nyonga zilikuwa na nundu. Kwa watu wa kawaida, karibu nyonga 1 kati ya 4. Na hawa wote walikuwa wazima, wanatembea, wanacheza, wanalala usingizi wao.

Hebu chukua timu ya kijiji na hesabu hizo. Ukiwapiga picha wachezaji wote, huenda nusu yao ukawaambia wana kasoro ya nyonga. Kijana wa miaka 15 aliyeamka mzima anarudi nyumbani mgonjwa. Anaacha mpira. Mama yake anauza mbuzi apate nauli ya kwenda kumwona daktari bingwa. Na daktari bingwa akiwa mkweli atamwambiaje? Atamwambia: mtoto haumwi, sina cha kumtibu. Maana hakuna ushahidi kwamba kuichonga nundu isiyouma kunamkinga mtu na ugonjwa wa baadaye. Waholanzi waliwafuatilia kwa miaka mitano watu wa makamo waliokuwa wameanza kuumwa nyonga au magoti. Wenye nundu kubwa walikuwa kwenye hatari zaidi ya kiungo kulika, hilo ni kweli. Hata hivyo wengi wao hawakufika huko.

Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kazi ya Wilson na Jungner juu ya masharti ya kuwapima watu wasioumwa. Ugonjwa uwe unaeleweka unavyokwenda tangu mwanzo hadi mwisho. Kipimo kiwe cha kuaminika. Matibabu yawepo, na yawe yanamfaa yule aliyegunduliwa mapema. Gharama iwe na uwiano na faida. Shinikizo la damu kwa mama mjamzito linayatimiza masharti haya, ndiyo maana kliniki hawachoki kuwapima mama zetu. Nundu ya nyonga isiyouma haiyatimizi. Kwa maoni yangu fedha ya kuwapiga picha vijana wazima, hapa wilayani kwetu, ingekuwa imeibiwa kutoka kwa wagonjwa.

Na kuna jingine. Hesabu hizi zimetoka zaidi kwa watu wa Ulaya na Marekani, na nyonga za watu duniani hazifanani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta wazee wa Beijing wana ugonjwa wa kulika kwa nyonga kwa uchache mno wakilinganishwa na wazee wa Marekani. Jirani zetu wa Malawi nao, mwaka 2015, waliandika kuhusu watoto wanaozaliwa na nyonga zisizokaa vizuri kwenye kikombe, tatizo linalojulikana sana Ulaya. Walipopitia kumbukumbu za miaka 10 za hospitali yao ya mifupa ya watoto, hawakukuta mtoto mchanga aliyefanyiwa upasuaji kwa tatizo hilo. Wakaona sababu inayowezekana ni mama kumbeba mwanawe mgongoni, miguu imetanuka kila upande wa kiuno chake, kwa kuwa hivyo kichwa cha mfupa kinakaa sawasawa kwenye kikombe. Mama unayenisikiliza na mwanao yuko mgongoni kwa kanga, endelea hivyo hivyo.

Sasa tuiangalie picha yenyewe, kwa sababu watu wengi wanaamini eksirei haikosei. Inapigwaje? Mgonjwa analala chali mezani. Miguu inanyooshwa, vidole gumba vinageuzwa kidogo kuelekeana, na mtaalamu wa mionzi anapiga nyonga zote mbili kwa pamoja. Kabla ya kusoma chochote, anayeisoma picha anatafuta ncha ya kifandugu. Inatakiwa iangukie katikati, juu kidogo ya pale mifupa miwili ya kinena inapokutana. Ikiwa imekwenda pembeni, mgonjwa alilala amejipinda. Na mgonjwa akilala amejipinda, au kiuno kikiwa kimebinuka, kikombe kizima kabisa kinaweza kuonekana kimefunika kupita kiasi. Mnaona? Mtu anapewa ugonjwa kwa sababu ya namna alivyolazwa mezani. Picha moja ya mbele pia inaweza kuificha nundu iliyokaa upande wa mbele wa shingo, ndiyo maana inatakiwa na ya pili, mguu ukiwa umekunjwa na goti limelazwa nje. Na gegedu, ule ukingo unaochanika, eksirei haiuonyeshi kabisa. Inaonyesha mfupa.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo wataalamu walikubaliana mwaka 2016, walipokutana Warwick, Uingereza. Walisema mbano wa nyonga hauthibitishwi kwa picha peke yake. Yanatakiwa mambo matatu yakutane kwa mtu mmoja: maumivu yake mwenyewe, kile mtabibu anachokikuta kwa mikono yake, na picha. Likikosekana moja, huwezi kusema ni mbano wa nyonga. Nirudie: maumivu, mikono ya mtabibu, na picha. Vitatu pamoja.

Maumivu yenyewe yakoje? Mara nyingi yako kinenani, mbele, pale paja linapokunjwa. Yanakuja mtu akikaa muda mrefu kwenye kigoda, akichuchumaa, akipiga kona ghafla uwanjani, akiinua mguu kupanda pikipiki. Ukimwambia akuonyeshe panapouma, wengi hawanyooshi kidole. Wanaishika nyonga kwa kiganja, kidole gumba nyuma na vingine mbele. Kisha mtabibu anamlaza chali, anakunja goti kuelekea kifuani, analivuta goti kuelekea upande wa pili, na kuuzungusha unyayo nje. Maumivu yake yaleyale ya kila siku yakirudi hapo, nyonga inashukiwa. Halafu anapima jinsi nyonga inavyozunguka kwa ndani, kulia na kushoto, alinganishe. Kazi hii haihitaji umeme. Inaweza kufanyika kwenye zahanati yoyote yenye kitanda na mtu aliyefundishwa.

Basi, wasikilizaji, hapa ndipo ninapotaka tukae. Sogeza kiti.

Mtoto wa miaka 12 au 13 anasema goti linamuuma. Anachechemea kidogo. Nyumbani wanasema alianguka, au wanasema anakua, mifupa inanyooka. Anachuliwa kwa mafuta. Wiki zinapita. Anapelekwa kituoni, anapigwa eksirei ya goti, goti ni safi, anapewa dawa ya maumivu. Anarudi nyumbani akiendelea kuchechemea. Na ugonjwa uko kwenye nyonga.

Inawezekanaje? Mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga inahudumia na goti, kwa hiyo maumivu ya nyonga husikika gotini, na mtoto anasema kweli kabisa anaposema goti. Katika umri wa balehe kuna tabaka la gegedu, karibu na kichwa cha mfupa wa paja, ambalo mfupa hukulia hapo. Kwa baadhi ya watoto tabaka hilo linaachia, na kichwa kinateleza taratibu kutoka juu ya shingo yake. Huwapata wavulana zaidi ya wasichana, na watoto wanene zaidi, ingawa mwembamba naye hajasalimika. Ukimtazama akiwa amelala, mguu ule unageukia nje, na ukilikunja paja, goti linakwenda nje lenyewe.

Huyu ndiye wa eksirei. Leo, asisubiri wiki ijayo. Na apigwe nyonga zote mbili, picha ya mbele na ile ya miguu imekunjwa na magoti yamelazwa nje. Kwenye picha ya mbele anayesoma anachora mstari kufuata ukingo wa juu wa shingo ya mfupa. Katika nyonga nzima mstari huo unakata kipande cha kichwa. Kichwa kikiwa kimeteleza, mstari unapita juu bila kukigusa, au unagusa kipande kidogo kuliko upande wa pili. Rula na penseli vinatosha. Lakini mtelezo mdogo unaweza usionekane kwenye picha ya mbele na ukaonekana kwenye ile ya pili, ndiyo maana nasisitiza mbili.

Akigunduliwa, asiruhusiwe kuukanyagia mguu huo. Abebwe, apewe rufaa, na daktari wa mifupa akishikize kichwa kwa skrubu kisiendelee kuteleza. Akicheleweshwa, kichwa kinaweza kuteleza ghafla, damu ikakatika, na mfupa ukafa. Na hata asipofikia huko, kichwa kikishikamana mahali kilipotelezea kinaacha nundu kubwa kwenye shingo, na mtoto huyo atakuwa mtu mzima mwenye mbano wa nyonga wa kweli, unaouma, unaokula kiungo akiwa bado na nguvu za kulima. Ukiniuliza mbano wa nyonga unaoweza kuzuilika hapa kwetu ni upi, nakujibu ni huu. Hauzuiliwi kwa kuwapima wazima mia. Unazuiliwa kwa kumwona mapema mmoja anayechechemea.

Na yako magonjwa mengine yanayojificha nyuma ya kuchechemea. Seli mundu: inakadiriwa kwamba nchini Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye seli mundu kila mwaka, na ugonjwa huo unaweza kuzuia damu isifike kwenye kichwa cha mfupa wa paja hadi kikafa. Hapo mwanzo eksirei inaweza kuwa safi kabisa, kwa hiyo picha safi isimfanye mtabibu amfukuze mtoto mwenye seli mundu anayelia nyonga. Kifua kikuu nacho hukaa kwenye nyonga. Usaha wa ghafla kwenye kiungo, mtoto ana homa kali na hataki mguu uguswe, huo ni wa usiku huohuo, usisubiri kukuche.

Labda mzazi mmoja anaogopa mionzi. Hofu yako naiheshimu. Eksirei ya nyonga ina mionzi zaidi ya ile ya kifua, kwa kiasi kinachokaribia mionzi ya asili tunayoipata kwa miezi michache ya kuishi tu duniani. Kwa mtoto anayechechemea, faida ni kubwa kuliko hatari hiyo, bila shaka yoyote. Kwa mtoto mzima, faida haipo, na hiyo ni sababu nyingine ya kutompiga. Binti au mama anayehisi ana ujauzito aseme kabla ya kuingia chumba cha eksirei. Mashine hizo, kwa sheria ya mwaka 2003, ziko chini ya uangalizi wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na una haki kabisa ya kumuuliza mtaalamu kwa adabu kwa nini mwanao anapigwa picha.

Na mtu mzima aliyekwisha kuthibitika ana mbano wa nyonga, afanyeje? Si lazima kisu. Mwaka 2018 Waingereza walilinganisha upasuaji wa tundu dogo na mazoezi maalumu chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Waliopasuliwa walipata nafuu zaidi, lakini wa mazoezi nao walipata nafuu. Upasuaji wa namna hiyo si wa karibu kwa mtu wa Berega, na kwa walio wengi ni jambo la busara kuanza na mazoezi: kuimarisha misuli ya makalio na tumbo, kupunguza kwa muda yale mazoezi yanayoibana nyonga, kukaa kwenye kiti kirefu badala ya kigoda. Kiungo kikishalika kabisa, ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inayobadilisha nyonga, lakini tusingoje kufika huko.

Kwetu huku tuna Hospitali ya Berega ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Morogoro, tuna Hospitali ya Wilaya pale Kilosa, na Mtakatifu Kizito kule Mikumi. Anzia kituo kilicho karibu nawe, na kama hapo hakuna eksirei, omba barua ya rufaa siku hiyohiyo. Walimu wa michezo, makocha, ninyi mnawaona watoto hawa wakikimbia kila jioni, na mnamjua anayechechemea kabla ya mzazi wake. Msimwambie ajikaze. Mtoeni uwanjani, mpelekeni kwao, mzungumze na mzazi.

Na wewe mzazi, ukifika kituoni na mtoto anayelalamikia goti, usiondoke kabla ya kumuuliza mtabibu maneno haya: daktari, nyonga yake umeiangalia?